Bani Tulilofungiwa, Mimi na Kabula

Harufu ya tumbaku iliyokaushwa kwa moto ni tamu, kama asali iliyoungua kidogo, na watu wengi wa kwetu huipenda. Mimi hunitapisha. Ndani ya harufu hiyo mdogo wangu Kabula alikuwa akivuma. Hakuwa na maneno, hata "mama" hakuwahi kusema. Alikuwa na mvumo mmoja tu wa kooni, usiopanda wala kushuka, nao ulinijia kutoka gizani huku majani yakining'inia juu yetu kama watu waliofungwa miguu. Nje ya ukuta watu walikuwa wakicheka. Mara mvumo ukakatika. Haukufifia, ulikatika. Nikanyoosha mkono nikamgusa shavu, lina joto sawa na ukuta, naye hakujikunja. Yeye ambaye ukimgusa siku zote alijikunja.

Nirudi nyuma. Ulikuwa msimu wa kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa. Kabla ya hapo tulikaa upande wa Goweko, kando ya njia ya zamani ya misafara, na watu walisema kwamba jua likiwa kali, wenye nyumba wamejilaza, husikika mizigo ikituliwa chini njiani, ukitazama huoni mtu. Kabula alipenda kukaa pale pale, akivuma, kama anayewaitikia. Likaja lori, nyumba zikaezuliwa, kwetu kukawa mahame. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba za mstari na mwenyekiti aliyeitwa Lusenga, ambaye kutwa alitamani kijiji chake kisifiwe huko juu. Mimi nilikuwa na kifafa. Nilianguka darasani, mwalimu akanirudisha nyumbani, na shule yangu ikaishia hapo. Lusenga alimwambia mama waziwazi kuwa watoto wake wanakitia kijiji doa.

Ndipo zikaja habari za daktari wa watoto kutoka Tabora mjini, mwanamke, aliyezunguka na Landrova akiwatafuta watoto kama sisi, wasiosema na wenye kuanguka, kwa kuwa alichoka kutibu wale tu ambao wazazi wao waliweza kufika hospitali. Baba alikuwa porini Sikonge akirina asali. Mama alituogesha, akatupaka mafuta mpaka tukang'aa. Asubuhi hiyo Lusenga akaja na mgambo wake, Mihayo, akamwambia mama aende akawapikie wageni, sisi tutaonwa mwisho, na kwa sasa tukae ndani ya bani lake la kukaushia tumbaku tusije tukaanguka mbele za watu. Moto wa bani lile ulikuwa umezimwa alfajiri ile ile. Mkulima yeyote wa tumbaku anajua kuta zake hukaa na joto mpaka jioni, na mlango hauguswi. Lusenga alikuwa mkulima wa tumbaku. Aliufungua kidogo, akatusukuma ndani, akaufunga upesi majani yake yasiharibike.

Nilimsikia daktari akija. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini haikuyumba.

"Mwenyekiti, wazima nimeshawaona. Nataka wale ambao hamtaki niwaone."

"Daktari, hapa hatuna watoto wa namna hiyo. Hao walibaki kule mahame."

Daktari akausogelea mlango. Kabula alikuwa akivuma. "Na humu kuna nini?"

"Nyuki hao, mama. Wamehamia kwenye bani. Ukifungua tutakimbia wote."

Mihayo akadakia, "Sindano yao inauma kuliko ya kwako, daktari." Watu wakaangua kicheko. Ndicho kile kicheko nilichokisikia. Nilitaka kuita, ulimi umekauka, na kifafa kilikuwa kinapanda tayari kutoka miguuni. Nilimgusa Kabula, kisha sikujua tena kitu.

Nilizinduka kwenye mapaja ya mama. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Kabula hakuwepo; Mihayo alikuwa amemviringisha kwenye gunia, akamfunga nyuma ya baiskeli na kwenda naye. Lusenga alimwambia mama kwamba daktari akisikia, kijiji kizima kitafungwa, na aanze kufikiria nani atamlea Mwashi, yaani mimi. Msimu uliofuata nyuki waliingia kweli ndani ya bani lile. Walijaa mpaka asali ikachuruzika chini ya mlango, na hakuna aliyeirina. Baba, aliyerina asali maisha yake yote, alikuwa akilipita bani lile akitazama upande mwingine.

Siku hizi zahanati yetu hujiwa na daktari wa watoto, kijana. Mjukuu wangu hasemi. Nampeleka mchana kweupe, tunakaa kwenye foleni na wenzetu, na daktari huketi naye sakafuni mpaka mtoto amzoee. Hakuna anayetuficha. Nafurahi, halafu furaha yenyewe inanichoma, maana Kabula alikuwa ukuta mmoja tu kutoka kwa mtu kama huyu.

Lusenga yuko hai. Kwenye mikutano anawekewa kiti cha mbele, watu wanampa shikamoo, anaitikia marahaba. Mihayo ana duka, anauza sukari na mafuta ya taa. Mama yangu haoni tena, na kila anaposikia baiskeli ikipita anauliza kama ndiye Kabula anarudishwa. Basi Lusenga, na wewe Mihayo, mimi sitaki mniombe msamaha. Njoni nyumbani mkae mbele ya mama, mmwambie mlimzika wapi mtoto wake.