Nilivyolinyamazisha Gari Langu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, baba alifariki, nikaacha darasa la pili na kuanza kubeba mizigo ya tumbaku. Mengine yote nimejifunza mwenyewe, ndiyo maana mafundi huwa siwasikilizi.

Mwezi uliopita mkwe wangu wa Puge, mama wa binti aliyechumbiwa na mwanangu, alisema gari langu hapandi tena, hata kuja harusini. "Linagonga kama mtu anatwanga. Mgongo wangu si chuma, mkwe." Nikamwahidi nitafunga bushi mpya.

Fundi akanionyesha hizo bushi, mipira ya kwenye miguu ya gari, zimelika zote. Nikamwambia, "Mpira ukilia unapakwa kitu, haununuliwi mwingine." Nyumbani nilikuwa na ndoo ya masega. Nikayaponda, nta pamoja na asali yake, nikashindilia kila penye mlio.

Kutoka kwangu Chemchem hadi Puge gari halikutoa hata mguno. Nikajiona profesa.

Mkwe akatoka na ndugu zake, nikamfungulia mlango mbele yao. "Bushi mpya hizo, mkwe. Zimetoka Dar."

Akainua mguu, akaurudisha chini. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye matairi yote manne, na wengine walikuwa wanakuja. Akajifunika khanga usoni.

"Mkwe," akaniuliza taratibu, "huko Dar bushi wanazirina?"

Harusini alikuja kwa basi.

Leo nina nyumba mbili, ng'ombe kumi na wanne, mashine ya kukoboa, na gari ambalo Puge nzima wanaliita mzinga.