Maji ya Walimu

Juzi mjukuu wangu Kendi alitoka shule na wimbo mpya. Wamefundishwa magonjwa ya kuambukiza, ya huku kwetu na ya nchi za mbali, na akaniambia, "Cucu, mwalimu amesema watu wa zamani walikufa kwa sababu hawakujua." Nilikuwa namenya nduma. Nikaweka kisu chini.

Hawakujua nani?

Wewe, kama ulisomea pande za Mikinduri wakati bendera yetu ilikuwa bado mpya, utanielewa. Asubuhi sisi wasichana tulipitia chemchemi, kila mmoja na debe kichwani, maji yanadondoka shingoni mpaka sweta inalowa. Hayo yalikuwa ya nyumba za walimu. Ijumaa tulibeba kuni za jikoni kwao, kamba ikikata paji la uso. Halafu mwalimu wa afya, jina lake ninalo mpaka leo lakini silitaji, anachora tumbo ubaoni, anagonga kwa fimbo: homa ya matumbo hutoka wapi? Tunaimba sote, maji machafu, chemsha maji. Karimi, niliyekaa naye dawati moja, alituzidi wote kwa sauti.

Wakati wa mapumziko, mahindi ya kukaanga yametukausha koo, tulikunywa kwenye mfereji, chini ya pale ng'ombe walipovukia. Hapakuwa na mengine.

Siku moja Karimi akasimama. "Mwalimu, tunaomba kikombe kimoja tu cha yale maji mnachemsha."

"Hayo ni ya walimu. Mwambie mama yako achemshe."

Darasa likacheka, akaketi.

Kabla ya likizo homa ya matumbo ikamchukua. Na pale kaburini mwalimu yule yule alisimama akawafundisha akina mama kuchemsha maji, mama yake Karimi akiwa mbele, udongo bado mikononi. Kuni zetu, maji yetu, na lawama zikawa za yule mama.

Siku hizi mfereji umekauka, chemchemi imezungushiwa seng'enge, mwalimu naye alishazikwa. Nimemwambia Kendi ampelekee mwalimu wake jina hili: Karimi. Alijua. Kikombe ndicho alichonyimwa.

Halafu nikamuuliza, nyinyi hapo shuleni mnakunywa wapi?

Akaangalia chini. "Bomba liko, cucu. Lakini ni la ofisi."

Kesho asubuhi ninaenda naye.