Beji ya Sajenti Ocira

Ukitaka kumcheka Ocira, sajenti mstaafu wa polisi, panga foleni nyuma yake mwenyewe. Abiria hajakaa vizuri katika gari lake la kukodi hapa Kampala, tayari anasimuliwa jinsi dereva wake alivyo bwege.

Mambo yalianza Bwaise. Mvua ilinyesha, maji yakapanda hadi magotini, simu ikamponyoka. Aliiopoa ikiwa hai, lakini tundu la chaji lilikuwa limekufa. Siku nyingine asingejali. Ila Ayaa, binti yake wa Nakawa, alikuwa na mimba ya miezi tisa, mumewe mwanajeshi yuko mpakani, na Ocira alikuwa ameapa: "Uchungu ukianza, nipigie tu. Nitafika kabla hujakata simu."

Asubuhi akaenda Wandegeya kwa Kakule, Mkongomani anayetengeneza simu, akanunua sahani ya kuchajia bila waya. Unaichomeka kwenye gari, unalaza simu juu yake, basi.

"Papa, ngoja tuijaribu," Kakule akasema.

"Unifundishe mimi? Miaka ishirini nimetengeneza redio za polisi!"

Haya, fundi mkuu akaondoka na sahani yake.

Alipoweka simu, taa nyekundu ikapepesa, ikazimika. Ocira akaona umeme hautoshi, akabadilisha kichwa cha chaji. Nyekundu. Akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, amelala chini ya usukani, miguu nje, wapita njia wakidhani amezimia. Nyekundu tena, na sasa simu ilikuwa ya moto. Basi akafunga feni ndogo aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Hapo alijipongeza kwa sauti kubwa. Feni ilivuma vizuri sana. Simu ilibaki na asilimia tatu, na saa nane mchana ikazima.

Ocira akawasha gari. Akarudi kwa Kakule akibwata tangu mlangoni: "Umeniuzia takataka! Mwanangu akinipigia sasa hivi, je?"

Kakule aliigeuza simu tu. Mgongoni mwa simu, imegandishwa kwa gundi, ilikuwapo beji ya shaba ya polisi.

Ilikaa hapo miaka minne, tangu Ocira astaafu. Akisimamishwa na trafiki, alikuwa anaweka simu sikioni ili afande aione beji. Haikumsaidia hata siku moja. Wenzake waliikagua beji, kisha wakakagua na matairi.

"Papa, chaji haipiti kwenye chuma. Toa hii."

"Toa kitu kingine."

"Kitu gani kingine, Papa?"

Aibu ilimpanda Ocira mpaka masikioni. Akachukua bisibisi, akaibandua mwenyewe, na ngozi ya kidole ikatoka nayo. Wakaenda garini, wakalaza simu kwenye sahani. Taa ikawa ya kijani. Baada ya dakika chache simu ikaamka, ikaanza kutetemeka: Ayaa alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Ocira aliendesha huku akijitukana. Karibu na Nakawa, askari wa kike wa trafiki akanyoosha mkono. Ocira akainua simu sikioni kwa mazoea, akakumbuka mgongo wa simu ni mtupu, akaishusha.

"Afande, binti yangu anajifungua," akasema.

Yule askari akamtazama usoni, akageuka, akasimamisha magari yote ya njia panda ile ili apite.

Ayaa alikuwa mlangoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Baba! Simu yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa bado polisi, mwanangu," Ocira akasema, akimshika kiunoni, machozi yakimtoka. "Leo tumestaafu wote wawili. Ingia garini."