Razha ya Harusi ya Binti Yangu

Wale wakwe mimi sikuwataka tangu mwanzo, na nilisema mchana kweupe. Watu wa milimani huko, sisi na wao wapi na wapi! Lakini binti yangu alishikilia uzi mpaka akaniweza.

Siku ya kumchukua mwali wakaja nyumbani kwetu Bawshar, pembeni mwa Maskati, na ngoma na panga, wakacheza razha, ile ngoma ya panga, uani, panga zinarushwa na kudakwa. Mimi na mama yangu tulikuwa dirishani juu, tunasikiliza. Waliimba habari za mababu zao wakulima, karne ya kumi na tisa, serikali ya Maskati ilipowatoza ushuru hata wa maji. Vijiji vizima viliinuka na mikuki na majembe. Wakavunja lango la ngome, wakamburura liwali kwa ndevu, wakamkata miguu kwanza, ndipo shingo, wakamtupa mferejini, maji yakenda mekundu mpaka kwenye mitende. Kisha wakamtaja jina.

Ya Allah! Babu yetu wa kale! Huyo tunayemrehemu kila Ijumaa, tuliyeambiwa kauliwa na majambazi, wanawe wakakimbilia Unguja, ndiko tulikorudi sisi.

Kaka yangu alikuwa chini anapokea wageni. Alimpokonya mtu upanga, akamkata nao ami yake bwana harusi. Sikio likaning'inia, kanzu nzima damu. Majambia yakachomolewa. Wanawake tukapiga makelele.

Mama akashuka na bakora yake, akajitosa katikati ya wanaume, akamchapa kaka yangu nayo usoni mpaka akauachia upanga.

"Wameimba kweli!" akasema. "Babu yako aliwaziba mfereji, watoto wao wakafa kwa kiu. Nnajua tangu mdogo, nkawaficheni nyie. Na mie ningelikuwa wao, ningemkata!"

Yule ami, kajishika sikio, akamjibu. "Wallahi hatukujua kama ni wenu, mama. Wimbo huu tunauimba harusi zetu zote." Majambia yakarudi alani.

Mimi sikutaka kusikia. Nikapanda juu kwa mwali, nikamwambia avue nguo, harusi hakuna. Alikuwa kasimama, hina mpaka viwikoni, kasikia yote.

"Sivui," akasema. "Na wanangu watauimba, mama."

Nikamzaba kofi. Damu ikamtoka mdomoni. Hakulia. Nikamfuta kwa mtandio wangu, nikamshika mkono, nikamshusha kwa mumewe, mimi ndiye ninayelia.