Wifi Yangu Anapaka Rangi Anekse Tunayoiuza

Admin, jina yangu uifiche, hapa watu wanajuana. Niko mama wa miaka karanti, ni kusema arobaini, na kidogo, ninaishi Mabanga hapa Goma na bwana yangu na watoto. Tuko na nyumba ya mbao, na nyuma kuna anekse, kijumba cha vyumba viwili. Nimechoka, ndugu zangu. Hata kuandika hii nimechoka.

Bwana yangu ni mufanyabiashara, kwao Butembo. Tangu vita ilifunga barabara, biashara ilikufa, akakata shauri tuuze turudi kwao. Alitaka kwanza kuweka plafo juu na karo chini kwenye salo, pale tunapokeaka wageni. Komisioneri anayetutafutia wanunuzi akamucheka. "Papa, acha salo. Hapa Goma mutu akiingia kwenye parseli, kwenye kiwanja, anaulizaka maji, halafu anaulizaka atapangisha wapi. Weka sitereni, tangi ya maji ya mvua, na ile anekse muipige sima ya saruji, muipake rangi. Lakini iwe tupu. Hakuna mutu ananunua nyumba na watu ndani."

Sasa ile anekse si tupu. Analala mule dada mukubwa wa bwana yangu, mujane, na watoto wake, tangu walikimbia vita kwao Kibati. Na huyo wifi, zamani wakati vita iliingia huku mujini na mimi niko na mimba, alitupokea kwake Kibati. Alitupa kitanda chake, yeye akalala jikoni. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Bwana yangu akasema, "Usimuambie kwanza, tumalize kazi." Nikanyamaza. Basi fundi alipoanza kumwaga sima, wifi akafikiri ni juu yake, ni yeye tunatengenezea. Akahamia barazani na watoto, bila kulalamika, na muchanga alibeba yeye mwenyewe. Rangi pia alichagua yeye, bulu. "Wifi, nyumba yangu ya Kibati ilikuwa hivi hivi," akaniambia. Kila asubuhi ananishukuru, ati sasa hata vita ikirefuka yeye yuko na pa kulalisha watoto. Mimi ninaangalia chini, ninasema amina.

Jana mununuzi alikuja. Alifurahia sitereni, akafurahia anekse zaidi. Akamukuta wifi na brosi mukononi, akamuuliza bwana yangu pembeni, "Huyu mama mupaka rangi anafanya kazi safi. Ataweza kuja kwangu pia?" Bwana yangu akajibu ndiyo. Dada yake wa tumbo moja. Nilisikia aibu.

Butembo tutafikia chumba kimoja kwa kaka yake, hatutaenea na wifi na watoto wake. Akitoka hapa ni kambi ya wakimbizi, chini ya shiti ya turubai. Na tusipouza, sijui sisi tutakula nini.

Rangi imekauka. Wakati ninaandika hii, ninamuona kwa dirisha anarudisha magodoro ndani, anaimba. Ninyi munaosoma, munishauri kama dada yenu: nimusimamishe mulangoni nimuambie, ao nishike upande mwingine wa godoro nimusaidie kuingiza?