Ukurasa Aliouruka Mzee Walter

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, saa kumi jioni, jua likiwa bado dirishani. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi. Wanaosema wafu hutembea usiku tu hawajawahi kufanya kazi Takoma Park, huku Marekani.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi natoka Lanham, basi moja na treni mbili, hadi kwenye nyumba ya mbao ya Bibi Dorothy. Ana miaka themanini na minane, na macho yake yamebaki kuona mwanga na vivuli tu. Mumewe, Mzee Walter, alifariki muda mfupi kabla sijaanza kazi pale, na tangu hapo bibi akaacha kula. Hakukataa kwa maneno. Alikushukuru vizuri, akashika kijiko, akakirudisha kwenye sahani kikavu.

Mwanawe alipiga simu kutoka jimbo la mbali akaniambia wazi: mwezi ukiisha mama hajaongeza uzito, anakuja kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Bibi alisikia kila neno. Akanishika mkono. "Usiwaache wanitoe humu," alisema. Alisema kwa Kiingereza, bila shaka, lakini mkono ule ungeuelewa kwa lugha yoyote.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilipika. Supu, uji, mpaka wali wa nazi. Wapi!

Siku moja akaniomba nimsomee kitabu. Kila majira ya baridi, kwa miaka arobaini, Walter alikuwa akimsomea riwaya ileile moja ya kutisha, ya zamani sana. Jina lake silisemi, usije ukaitafuta kwa ajili yangu. Inamhusu mwanamke anayesikia sauti yake mwenyewe ikimwita kutoka kisimani. Nikafurahi, kwa sababu filamu yake niliijua! Jumamosi iliyopita tu tulikuwa tumeitazama kwangu, mimi, binti yangu Zawadi, na shoga yangu Espérance wa Bukavu. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kisimani lilitoka dude la mpira, jeusi, linang'aa.

"Ile shetani iko sawa na kiatu ya mvua!" Espérance alisema.

Zawadi, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alisema, "Not even scary, Mama," akaendelea kutafuna bisi zake.

Basi nilikifungua kile kitabu kifua mbele. Kumbe! Kitabu hakionyeshi dude lolote. Kinakwambia tu kisima kipo, sauti ipo, kisha kinanyamaza. Katika ule unyamavu nikajikuta nalitengeneza dude la kwangu mwenyewe, na la kwangu lilikuwa linajua jina langu la utotoni. Niamini, ukurasa wa pili tu nilikuwa nimeshapandisha miguu juu ya kochi.

Hapo nikakwama kwenye neno gumu. Kiingereza changu ni cha kujifunzia ukubwani, maneno mengine ni milima. Nikalijaribu mara mbili. Mlangoni sauti ya mwanamume ikalitamka, polepole, bila dharau.

Niliinua macho. Mzee mrefu mwenye sweta la kijani aliingia, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na rafu ya vitabu, akapachika mguu juu ya mguu. Nikadhani ni mpangaji. Nyumba nyingi za pale zina mpangaji wa chini, sasa ningeshangaa nini? Nikamsalimu kwa kichwa, naye akaitikia. Nikaendelea. Kila nilipokwama alinisaidia. Na yule bibi, wallahi, nilimwekea bakuli la supu mikononi, akalimaliza huku anasikiliza.

Siku ya tatu nikamwambia, "Bibi, mpangaji wako wa chini anakipenda hiki kitabu kuliko sisi."

"Mpangaji gani?"

"Huyu baba hapa. Anayenisaidia maneno magumu."

"Chini kuna maboksi tu, mpenzi. Hakuna sauti ninayosikia ila yako." Akanigeuzia uso. "Amevaa nini?"

"Sweta la kijani."

"Vifungo vyake?"

Nikatazama. "Amevikosea. Kimoja kimeruka tundu."

Bibi Dorothy akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Miaka hamsini," alisema, "nilikuwa nikimfungua na kumfunga upya kila asubuhi."

Unadhani sikutaka kukimbia? Lakini kazi yetu haikuruhusu kumwacha mtu wako peke yake, hata kwa dakika moja. Nikasoma dua zote nilizofundishwa madrasa, kwa sauti, nimemkazia macho. Yule mzee alisubiri kwa adabu hadi nikamaliza. Kisha akaelekeza kidole kitabuni: endelea.

"Bado yupo?" bibi aliuliza. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa bi harusi.

"Yupo."

"Basi soma, usimcheleweshe."

Nikasoma. Ningefanyaje?

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu Espérance.

"Usirudiye kule, dada!" alipiga kelele. "Unasomea mufu kitabu?"

"Bibi anakula."

"Anakula kabisa?"

"Leo mabakuli mawili."

"Bon. Rudia. Lakini nitakuombea njia yote."

Nikarudi. Siku ya tano tukafika pale ambapo mwanamke wa kitabuni anasimama ukingoni mwa kisima. Nilipofungua ukurasa uliofuata, Mzee Walter aliruka kutoka kitini. Akatikisa kichwa. Akapunga mkono: pita, pita, fungua unaofuata!

"Anataka niuruke ukurasa huu," nikamwambia bibi.

Bibi alikaa wima. "Uuruke kwa nini?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama zulia.

"Usome," bibi alisema. "Neno kwa neno."

Sitakusimulia kilichomo. Nitakwambia hivi tu: katika filamu ndipo linapotoka lile dude la mpira. Katika kitabu halitoki kitu. Mwanamke yule anaitwa na sauti yake, na baada ya kusita kwa muda mrefu, anaitika. Basi. Anaitika kwa upole, kama mtu aliyekuwa akisubiriwa. Nywele za kisogoni zilisimama zote. Na nilipochungulia upande wa kiti, nikamwona marehemu, mtu aliyekwisha kufa na kuzikwa, ameziba masikio kwa vidole, anarudi kinyumenyume kwenda jikoni!

Nilimweleza bibi ninachokiona. Akajipiga kofi pajani.

"Sijawahi kuusikia ukurasa huu! Miaka arobaini! Nilikuwa nikijiuliza kila mwaka huyu mwanamke amepotelea wapi, naye ananiambia ndivyo mwandishi alivyotaka! Walter! Mwoga mkubwa wewe!"

Akacheka. Mwanamke aliyekuwa hajacheka tangu mazishi alicheka hadi machozi yakamchirizika, hadi nikalazimika kumshika bega asianguke. Mzee akachungulia mlangoni, uso mwekundu kama mtoto aliyevunja sahani. Mimi nikashindwa kujizuia. Yeye naye akaanza, kwanza mabega, kisha mwili mzima. Tukacheka watatu chumba kimoja, wawili tukiwa tunapumua.

Ijumaa tulimaliza kitabu. Mzee Walter alisimama, akainama, akaweka midomo yake kwenye mvi za mkewe. Sikusema neno. Lakini bibi aliinua mkono mwenyewe na kuuweka palepale, akauacha hapo muda mrefu. Nilipotazama tena, tulikuwa wawili.

Mwanawe alikuja mwisho wa mwezi na sanduku tupu la kumfungashia mama nguo. Alimkuta mezani anakula chapati na kulalamika kwamba sikutia chumvi. Akaondoka na sanduku lake lile lile, tupu.

Kwangu mambo hayajarudi kama zamani. Bibi aliniazima kile kitabu, na Zawadi alikichukua akisema nazidisha chumvi. Usiku ule ule alikuja kulala kitandani kwangu na godoro lake mwenyewe akaliacha wiki nzima. Sasa tunasoma pamoja kwa sauti, yeye Kiingereza, mimi namgeuzia kwa Kiswahili, na ameanza kuniuliza maneno. Mimi mwenyewe, hadi leo, mtu akiniita kwa jina nikiwa peke yangu, simwitiki mpaka nimwone.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayesoma. Filamu itazame hata kama uko peke yako, kula bisi zako, cheka. Lakini kitabu kisome na mtu unayempenda, mchana, mlango wazi. Na ukifika mahali panapokutisha, usimrukie mwenzako ukurasa. Utausikiliza tu siku moja, na siku hiyo huenda masikio yako hayatazibika kwa vidole.