Mfumo Unasema Umeshahudumiwa

Na bado mnaniambia eti Bi Zeyana ndo kakosea. Kakosea nini? Kampa namba yake mama mwenye mtoto anayetapika. Kosa lenyewe ndo hilo, na ndo maana nasema ile mashine ya foleni pale zahanati ya kwetu Chumbageni haijui imeletwa mji gani.

Kwa asiyemjua, Bi Zeyana anakaa Mabawa, mjane, anauza sambusa kibarazani kwake. Ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda. Daktari kashamwambia kisipooshwa kwa wakati, mguu unakatwa. Bima yake inatumika zahanati ile tu, na mimi ndo nampeleka na bajaji. Sasa huyu bibi hawezi kukaa akamwona mtu kasimama na mgonjwa. Atanyanyuka tu. Hata kwenye sambusa, ukija una haraka anakuhudumia kwanza, na aliyekutangulia hasemi kitu, maana jana kafanyiwa yeye.

Zamani pale unaingia, unauliza nani wa mwisho, unakaa. Akija mzee, shikamoo, pita bibi. Basi. Sasa wameleta mashine. Unasema jina na shida yako, inakutemea kikaratasi cha namba. Wiki nzima waliijaribu wafanyakazi wenyewe, wamekaa vitini wametulia kama wanapigwa picha za kitambulisho, hakuna hata anayekohoa. Ikafaulu, wakapigiana makofi.

Jana ndo wakaijaribu kwa wagonjwa wa kweli. Msimamizi Lucas, kijana wa kampuni iliyoleta mashine, kaja na tai kwenye joto hili.

Bi Zeyana kachukua namba, kampa yule mama. Mashine ikaita, "Zeyana, chumba cha vidonda." Mama kaingia na mtoto wake. Nesi kamgeuza mtoto huku na huku, kidonda hakuna, kawapeleka kwa daktari. Kwenye mfumo, Zeyana kashamalizwa.

Wala hakuwa peke yake. Ukumbi mzima watu wanapeana vikaratasi. Binti mmoja mjamzito kamwachia yake Mzee Idarusi, aliyekuja kwa jino tu. Mzee katoka anacheka peke yake.

"Wameniambia nipande kitandani wamsikilize mtoto."

Bi Zeyana kaenda dirishani kwa Lucas.

"Bibi, mfumo unasema umeshahudumiwa."

"Na mguu unasemaje, baba?"

"Chukua namba nyingine."

Mashine ikagoma, jina moja mara moja kwa siku. Nikamwambia Lucas, kaka, mguu huo hapo, na macho unayo.

"Nikimwingiza bila namba naharibu ripoti ya majaribio," kasema, tena kwa upole, kama anatuonea huruma.

Tukarudi Mabawa na uchafu wetu kidondani. Leo mguu umevimba, hata kandambili haiingii. Na pale mlangoni wameshabandika tangazo: majaribio yamefaulu, dosari ndogo ni wateja kutojua matumizi. Uzinduzi Jumatatu, na keki wameagiza.

Kesho asubuhi wanajaribu mara ya mwisho, nami nampeleka tena. Unayesoma hapa, njoo. Na wewe unayesema kakosea, njoo pia. Mwambieni Lucas achomoe waya wake ukutani, na asitoke mtu pale mpaka Bi Zeyana aoshwe mguu.